Mzee Giza na Bawa la Kulia

Ndugu, jamaa, majirani na nyote mliokuja kutusindikiza: anayesoma ni mdogo wake marehemu, wa pili na wa mwisho kwa baba yetu na mama yetu. Kazi hii nimepewa kwa sababu watoto wake wamesema hawataweza kufika mwisho, na mjane wake, wifi yangu, amesema mimi nina mdomo. Sikubishana naye, siku zenyewe si za kubishana. Mchapaji wa kijitabu mlichoshika ametupa kurasa nne tu, na kaka alikuwa mtu wa kurasa arobaini. Nikikwama mahali mnivumilie, nitameza mate kisha nitaendelea.

Marehemu alizaliwa Jumatano, tarehe 14 Machi 1951, saa nne asubuhi, katika nyumba ya vyumba viwili iliyokuwa nyuma ya gereji ya mabasi. Baba yetu alikuwa fundi mkuu wa gereji hiyo. Mama alipenda kusimulia jinsi alivyotoka mbio chini ya basi kuja kumwona mwanawe, mikono myeusi kwa grisi hadi viwikoni, na mkunga akamsimamisha mlangoni na kipande cha sabuni. Inasemekana alinawa mara tatu na bado hakuruhusiwa kumshika, akaishia kumtazama tu. Baba alifariki Septemba 1960. Kaka alikuwa na miaka tisa, mimi minne. Nisiwadanganye, uso wa baba siukumbuki. Ninaoujua ni ule wa kwenye picha, na habari ya picha hiyo inakuja.

Alisoma shule ya msingi kuanzia mwaka 1958 hadi 1965, alipomaliza darasa la nane. Kwenye kuchora hakuwa na mpinzani. Masomo mengine alikwenda nayo bega kwa bega, hayakumpita sana na yeye hakuyapita sana. Siku moja mwalimu wa jiografia aliwaambia wachore mito mitatu mikubwa. Kaka akapeleka karatasi yenye ndege ya kivita imejaa pembe hadi pembe, na kila msumari wake umewekwa. "Mito iko wapi?" mwalimu akauliza. "Iko chini yake, mwalimu. Ndege imeifunika." Aliporudi nyumbani alikaa upande upande kwa siku mbili, na mama alipomuuliza akasema ameumwa na nyigu.

Tarehe 3 Januari 1967 aliajiriwa katika studio ya picha iliyotazamana na posta, kama mwanafunzi wa kazi katika chumba cha giza, kile chumba cha kusafishia na kuchapia picha. Aliingia humo akiwa na miaka kumi na mitano na hakutoka hadi tarehe 30 Juni 2008, studio ilipokifunga kwa sababu watu hawakuleta tena filamu. Miaka arobaini na moja. Picha zenu za harusi, za watoto wakiwa vichanga, za pasipoti ambazo hakuna aliyependeza ndani yake, zote zilipita katika mabeseni yake ya dawa. Alitoka kazini akinuka siki na akipepesa macho kama mtu aliyeamshwa ghafla, ndiyo maana mtaa mzima ukamwita Mzee Giza tangu hajawa hata mzee. Jina lake la kwenye vyeti hapa wanalijua watatu, na mmoja wao ndiye yuko kwenye jeneza. Mteja akilalamika kwamba picha imemzeesha, kaka alimjibu kwa adabu zote: "Mama, picha haina sababu ya kudanganya."

Sasa ile picha. Kabla ya gereji, baba yetu alikuwa vitani kama fundi wa ndege. Hakuwahi kurusha hata moja. Yeye alizipokea zikirudi zimetobolewa, akaziziba. Mwaka 1944, akiwa na miaka ishirini na minne, mwenzake mmoja alimpiga picha amesimama na ovaroli yake mbele ya ndege ya injini moja, na juu ya bawa nyuma yake kinaonekana kiraka cha bati cha mraba alichokigongelea ribiti, zile pini za kubania bati, kwa mkono wake. Nakala aliyokuwa nayo mama ililiwa na mchwa. Kilichobaki ni kipande cha filamu ndani ya kopo la majani ya chai. Mwaka 1968 kaka, mwaka mmoja tu kazini, alikichukua kipande hicho, akakikuza kikawa picha kubwa ya ukutani, akaitia fremu na kumletea mama. Ilikuwa picha yake kubwa ya kwanza kuchapa bila mtu kumsimamia. Nakumbuka alivyoishika mlangoni, amenyoosha mikono kama mtu aliyebeba trei ya vikombe vilivyojaa.

Mama aliitazama muda mrefu. Akasema, "Ni yeye kabisa. Lakini kovu lake lilikuwa shavu la kulia." Baba alikuwa na kovu la kuungua na ekzosi, na kwenye picha lilikuwa shavu la kushoto. Kaka akacheka. "Mama, picha haina sababu ya kudanganya. Umesahau tu." Mama akasema, "Shavu hilo mimi nimelilalia karibu miaka kumi na miwili, nitasahau?" Na kiraka je? Mama alisema baba alimweleza zaidi ya mara moja kwamba lilikuwa bawa la kulia, na hapo pia picha ilimkatalia. Kila alipopangusa vumbi kwenye fremu ile alilirudia neno lake, na kila alipolirudia tulimsahihisha. Nasema tulimsahihisha, kwa sababu mimi nilikuwa mbele. Mimi ambaye hata uso wa mtu mwenyewe siujui. Uzeeni alipoanza kusahau funguo na majina, kovu nalo tukalihesabu katika dalili. Tukaanza kumjibu kwa upole, ule upole mbaya wa kumjibu mtu ambaye umeshaamua kwamba akili zimemruka. Akaacha kulitaja. Alifariki tarehe 19 Novemba 2009, na miaka yake kumi ya mwisho hakulisema tena.

Nirudi nyuma kidogo kwenye ndoa, maana wifi ananikazia macho. Walifunga ndoa Jumamosi, tarehe 8 Desemba 1979. Wifi ni fundi cherehani, na walijuana alipokwenda kupiga picha ya kitambulisho. Alipokwenda kuichukua, kaka alimwambia imeharibika, kola ilikaa upande, arudi tena kesho. Kesho yake kola ikakaa upande tena. Huyu ni mwanamke anayekata kola bila kupima, alijua vizuri kwamba kola yake imenyooka, na akarudi hivyo hivyo mara ya tatu. Walijaliwa watoto watatu, wavulana wawili na binti wa mwisho.

Alipostaafu alikaa nyumbani akizunguka zunguka kama kuku anayetafuta pa kutagia, mpaka wifi akamwambia achague, apate shughuli au yeye ahamishie cherehani kwa jirani. Mama alikuwa ameshafariki, na ile picha kubwa kaka alikuwa ameichukua. Januari 2010 akaitundika juu ya meza ya chumba cha nyuma na kutangaza kwamba ataiunda ndege ile ile ya baba, ndogo mara tano, yenye injini ya kweli, inayorushwa kwa rimoti. Bawa kwa bawa ilikuwa mita mbili na robo. Alipima mlango baada ya kuanza, si kabla, kwa hiyo mabawa yakabidi yawe ya kuchomoka.

Mliofika kwenye chumba kile mnajua. Mifupa yake ilikuwa ya mbao nyepesi ya balsa, kila ubavu umekatwa kwa wembe na kupigwa msasa mpaka ukae. Ribiti elfu saba na mia mbili aliziweka moja moja, kila moja ni tone la gundi kutoka kwenye sindano ya hospitali. Muuguzi wa zahanati alipomuuliza sindano ni ya ugonjwa gani, alijibu, "Upungufu wa ribiti." Rangi ilipokamilika akasema inang'aa mno, ndege iliyotoka vitani haing'ai, akaanza kuichakaza kwa makusudi. Alipaka rangi ya fedha chini, akanyunyiza punje za chumvi, akapaka rangi ya kijani juu, kisha akazisugua punje zikatoka, na pale zilipotoka pakaonekana kama rangi imebanduka kwa jua na mawe. Ilipendeza ajabu. Wifi alikula mboga zisizo na chumvi siku nne kabla hajajua mwizi ni nani. Masizi ya taa aliyapaka kwa brashi nyuma ya ekzosi, akirudi hatua mbili, akitazama picha, akiongeza kidogo.

Halafu pua ya ndege ikawa nyepesi, na ndege yenye pua nyepesi hairuki, inaanguka. Akaenda duka la vyuma akamwambia muuzaji, mbele ya foleni, "Naomba risasi nusu kilo. Naziweka kwenye ndege ya kivita." Alikuwa na maana ya yale madini mazito, jamani, yanaitwa hivyo hivyo. Muuzaji alimwomba asubiri kidogo, akapita mlango wa nyuma, na aliyerudi naye alikuwa mgambo. Walimsindikiza mpaka nyumbani kuhakiki. Mgambo yule alikaa saa mbili akitazama ndege, akaondoka ameshika karatasi ya msasa. Nimemwona pale nyuma leo, ahsante kwa kuja.

Jambo moja lilimsumbua. Michoro aliyoiagiza kwa posta ilionyesha kijibomba chembamba cha kupimia mwendo chini ya bawa la kushoto. Kwenye picha kilikuwa kulia. Mtu mwingine angejiuliza. Kaka alisema, "Vitani walikuwa wanabadilisha mambo," akakifunga kulia, na kiraka cha baba akakiweka bawa la kushoto, kama picha ilivyotaka.

Ndege ilikuwa imekwisha, bado kurushwa tu, Agosti 2017, alipomwomba wifi amshonee mdoli ovaroli kama ya baba, ili asimame kando ya ndege watu wakija kuitazama. Wifi akaichukua picha ukutani, akaiweka chini ya lenzi yake ya kukuzia ahesabu vifungo. Nilikuwepo, nilikuwa nakunywa chai. Akatazama, akainua kichwa, akatazama tena. Akasema, "Baba watoto, mbona baba mkwe kafunga kike?"

Kaka akamuuliza kike vipi. Wifi akamweleza kama anavyowaeleza wanafunzi wake wa cherehani: nguo ya kiume upande wa kushoto hulala juu ya kulia, ya kike ni kinyume chake, na ovaroli hii imelala kinyume. "Jeshi zima haliwezi kushonewa nguo za kike," alisema. "Labda huyu mtu amegeuzwa."

Kaka akainuka. Alikwenda akaleta kopo la majani ya chai, akatoa kile kipande cha filamu, akakiinua dirishani. Filamu ina uso unaong'aa na uso uliofifia, na ukichapa, uliofifia sharti uangalie chini, kwenye karatasi. Hilo ndilo jambo la kwanza mwanafunzi hufundishwa chumba cha giza. Yeye mwenyewe alilifundisha kwa vijana kumi na saba. Na mwaka 1968, kwa furaha ya kumchapia mama yake, alikuwa amekiweka juu chini. Kulia kukawa kushoto. Kovu, kiraka, kijibomba, vifungo, vyote vilihama, na mtu mmoja tu nyumbani mwetu alikuwa ameona.

Alikaa kwenye kigoda cha wifi. Nilidhani atacheka, maana ni kosa la kuchekesha. Akasema, "Tulimwambia amesahau." Mimi nikaweka kikombe chini.

Nilimwambia aiache ndege kama ilivyo, nani atajua. Alinitazama kwa namna ambayo hakuwahi kunitazama tangu tukiwa wadogo, akasema, "Mama alijua." Akaeleza anachotaka, na alikieleza mara moja tu: kumwomba mama radhi kwa mdomo hakuwezekani tena, kwa hiyo atamwomba kwa mikono. Atayavua mabawa yote mawili ngozi, atayaunda upya kama mama alivyosema, na ataiona ndege hiyo ikiruka ikiwa sahihi. Kabla ya hapo hataki mtu amsifu.

Ndipo mikono ilipoanza. Februari 2018 daktari wa mishipa ya fahamu alimthibitishia ugonjwa wa kutetemeka, usioponyeka, unaopunguzwa makali tu. Alikuja kwangu na habari hiyo akiwa ameshika kikombe, akasema, "Nimepata nafuu moja, chai sasa inajikoroga yenyewe." Nilicheka mbele yake, nikaenda kulia jikoni. Kazi ya miezi miwili kwa mtu mwenye mikono tulivu ilimchukua zaidi ya miaka mitatu. Alifanya kazi asubuhi, dawa ikiwa imeshika, labda saa moja na nusu. Alifunga kifundo cha mkono kwenye ukingo wa meza kwa mkanda aliotengenezewa na wifi, ndipo akatone ribiti moja, apumzike, atone nyingine. Nilimkuta siku moja ameharibu safu nzima, amekaa anaikwangua bila hasira. Nilimwambia watoto wamsaidie. "Mimi ndiye niliyemsahihisha," alisema. Alitaka kuirusha mwenyewe pia, na kila mwezi ulivyopita sote tuliona mikono inakwenda mbio kuliko ndege.

Jumamosi, tarehe 9 Oktoba 2021, tuliipeleka kwenye ile barabara ya lami iliyojengwa ikaachwa kabla ya kufunguliwa. Kiraka bawa la kulia, kijibomba bawa la kushoto. Binti yake wa mwisho, fundi wa lifti, ambaye alikuwa amejifunza kurusha kwa ndege ya sponji, aliwasha injini. Kaka akashika rimoti. Alitazama vidole gumba vyake, navyo vilikuwa vinacheza. Nikaona anavitazama, nikageuza uso. Kisha akampa binti yake rimoti. "Shika wewe. Baba hakuwa rubani. Fundi kazi yake kusimama chini na kungoja irudi."

Ikapaa. Mimi sijui ndege, lakini ile ilipaa vizuri. Ilizunguka mara nne, na jua likipiga pale penye chumvi ya wifi paling'aa kweli kama bati lililobanduka. Wakati wa kutua gurudumu moja likagoma kushuka. Binti akasema, "Baba, halitoki." Wengine wetu tulishika vichwa, lakini sauti ya kaka ilikuwa ya mtu anayeagiza mkate. "Ipitishe juu yangu nione tumbo lake." Ikapita, chini kabisa, upepo wake ukamvua kofia. "Kunja yote. Hesabu tano. Fungua." Likatoka. Ikatua, ikadunda kidogo, ikasimama.

Aliiendea polepole, kwa zile hatua fupi fupi za ugonjwa ule, akataka kupiga magoti, tukamsaidia. Akaweka kiganja juu ya kiraka. Juu ya lile bati mkono wake ulikuwa unatetemeka kama kawaida, na hakuuficha. Akaniambia, "Mdogo wangu, kimeshika." Hakutaka irushwe tena. Kaka yangu nilimpenda maisha yangu yote, lakini siku ile nilimpenda zaidi.

Mei 2022 alipata homa ya mapafu, akalazwa siku sita. Alifariki Alhamisi, tarehe 2 Juni 2022, saa tatu asubuhi, wifi akiwa ameshika mkono mmoja na binti yake ameshika wa pili. Wifi anasema mikono ilitulia kwanza, ndipo yeye akatulia. Aliishi miaka sabini na moja, miezi miwili na siku kumi na tisa. Ameacha mjane, watoto watatu, wajukuu watano, dada mmoja mwenye mdomo, na vijana kumi na saba aliowafundisha kazi, ambao sasa ni wazee wenye vitambi.

Siku mbili kabla, alimwelekeza binti yake kopo la majani ya chai lilipo, akataka picha ya baba ichapwe upya kwenye karatasi hizi. Mimi ndiye niliyeipeleka kwa mchapaji. Nilisimama begani kwake na sikumruhusu abonyeze chochote mpaka nimehesabu vifungo. Fungueni ukurasa wa nyuma. Huyo ni baba yetu, miaka ishirini na minne, ovaroli imefungwa kiume, kovu shavu la kulia. Ndiyo mara ya kwanza mimi kumwona alivyokuwa.

Mama, ulikuwa sahihi siku zote, na sisi wanao wawili tulikunyamazisha. Mimi nitakuja na yangu, kwa wakati wangu. Mwenzangu ametangulia, na najua neno la kwanza atakalokwambia. Mpokee, mama, msikilize mpaka mwisho. Akishamaliza, mwache apumzike kwa amani.